Ukienda Kliniki ya Sukari, Nenda na Fizi Zako

Najua wapo waliokaa mkao wa kula wakingoja nimalizie habari ya mawifi na mahari. Naomba subira, habari hiyo haiozi. Leo kuna barua imepita mbele ya foleni, na nikishaisoma mtaelewa kwa nini nimeipisha.

"Dada, shikamoo. Nina miaka 41, naishi na kisukari cha aina ya pili, mwaka wa sita sasa. Kliniki sikosi, dawa nameza. Tatizo langu naona haya kulisema mbele za watu. Nikipiga mswaki natema damu. Fizi za chini zimevimba, na jino moja la mbele nikiligusa kwa ulimi linacheza. Mume wangu hajasema neno, ila siku hizi tukiongea anageuza uso pembeni. Jirani ameniambia dawa za sukari ndizo zinazoharibu meno. Mwingine kaniambia niache mswaki, nisugue chumvi mpaka damu ikate, na kweli upande unaotoa damu nimeacha kuupiga mswaki. Je, nikang'oe hilo jino? Na hizo dawa niziache? Mdogo wako, Tanga."

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Nakujibu kwanza uliyoyauliza, halafu tukae kitako tuelezane. Dawa za sukari usiache. Mswaki usiache, hasa upande huo huo unaotoa damu. Na jino usikimbilie kuling'oa kabla halijaonwa na daktari wa kinywa na meno, kwa sababu jino linalocheza si lazima liwe jino la kutupwa.

Sasa tukae kitako.

Siku ya kliniki ya sukari unaijua kuliko mimi. Unawahi foleni tangu alfajiri, kidole kinachomwa, unapanda mzani, presha inapimwa, unavua viatu nyayo ziangaliwe, unaulizwa kama macho yanaona vizuri, siku nyingine mkojo unapelekwa maabara. Kinywa hakiguswi. Unaufungua mdomo kujibu maswali tu, kisha unaandikiwa dawa na tarehe ya kurudi. Simlaumu daktari mwenye benchi zima la wagonjwa mlangoni. Ila nataka ujue kwamba jambo hili ni la kulibeba mwenyewe. Usipolisema wewe, huenda ukamaliza miaka kumi ya kliniki bila mtu kukuuliza kama fizi zako zinatoa damu.

Damu inatoka wapi?

Kila siku juu ya meno hujitandaza ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Umejaa bakteria. Usipoondolewa, baada ya siku chache huanza kunyonya madini ya kwenye mate na kuwa ugaga, mgumu kiasi kwamba mswaki hauubandui tena. Ugaga unapenda sana kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na matundu yanayotoa mate, na pale jino linapoingia kwenye ufizi. Ufizi nao hupambana: unakuwa mwekundu, unavimba, ukiguswa unatoa damu. Hapo mambo bado ni mepesi, maana ukisafishwa vizuri hurudi kuwa mzima.

Ukiachwa, ufizi huanza kuachana na jino, pakawa na mfuko ambao nyuzi za mswaki hazifiki chini yake. Ndani ya mfuko huo mfupa unaoshikilia jino huliwa kidogo kidogo, na mfupa ukishaondoka haurudi wenyewe. Ndipo jino linapoanza kucheza. Safari yote hiyo inaweza kwisha bila maumivu ya maana. Jino lililotoboka litakuamsha saa nane za usiku, lakini fizi zinazoumwa hukuacha ulale, na ndiyo hila yao.

Hayo humpata yeyote, mwenye sukari na asiye nayo. Lakini sukari ikikaa juu muda mrefu huyaharakisha. Mishipa midogo ya damu inayolisha ufizi huchakaa, sawa na ile ya macho na figo. Chembe nyeupe za damu hupungua wepesi wa kupambana na vijidudu. Vidonda huchelewa kufunga. Mate hupungua, kinywa kikakauka, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa kutwa nzima. Mwaka 1993 bingwa wa magonjwa ya fizi, Harald Löe, aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa dhara la sita la kisukari, baada ya madhara ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona haraka. Matano hayo umefundishwa kliniki. Ongeza na la sita.

Kwa hiyo jirani yako kakosea mshitakiwa. Metformin inaweza kukuachia ladha ya chuma mdomoni, lakini hailegezi meno wala hailii mfupa. Insulini nayo haina kosa. Ukiziacha, sukari itapanda na fizi zitazidi kuharibika, halafu jirani atakuja kukupa pole.

Fizi nazo hupandisha sukari

Hili ndilo wengi hawajalisikia. Ufizi unaoumwa siku zote ni vita visivyokwisha, na kemikali ambazo mwili unazitoa katika vita hivyo haziishii mdomoni. Huingia kwenye damu na kuifanya insulini isifanye kazi yake barabara. Basi unaweza kukuta mtu kaacha soda, kapunguza ugali, anatembea jioni, dawa anameza kwa saa, na kipimo bado kinagoma kushuka. Sababu zaweza kuwa nyingi, ila fizi ni mojawapo, na ndiyo isiyotafutwa.

Mwaka 2022 Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kuzipima tafiti za tiba duniani, ulichambua majaribio 35 ya kutibu fizi za watu wenye kisukari. Kwa waliotibiwa, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia kuliko kwa wasiotibiwa, ndani ya miezi mitatu hadi minne. Yaani mtu mwenye asilimia 8.5 anakaribia 8.1, kwa kusafishwa fizi tu. Haitoshi kuacha dawa, na asikudanganye mtu. Lakini wewe unayehangaika na kipimo chako kila miezi mitatu unajua kushuka kwa kiasi hicho kunavyotafutwa kwa jasho.

Huko Gila River, Arizona, nchini Marekani, kuna wenyeji wa jamii ya Pima ambao kisukari kimewaandama kuliko jamii nyingi duniani, na watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1965. Katika kundi la watu 628 wenye kisukari cha aina ya pili, wale waliokuwa na ugonjwa mkali wa fizi walikufa kwa maradhi ya moyo na figo kwa kiwango cha mara tatu ya wenzao ambao fizi zao hazikufikia hali hiyo. Hilo halithibitishi kwamba fizi ndizo zilizowaua, maana mtu mwenye fizi mbaya mara nyingi ana mengine yanayomwendea kombo. Lakini linatosha kututoa kwenye mazoea ya kusema "ah, ni damu ya mswaki tu".

Na kama bado unaona ni jambo dogo, nenda jikoni ukachukue kiberiti. Watafiti wamekadiria kwamba kwa mtu mwenye ugonjwa huu, ngozi ya ndani ya ile mifuko ya fizi, ukiiunganisha yote, inafika sentimita za mraba 8 hadi 20. Uso mpana wa kiberiti uko humo humo. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa kwenye unyayo wako, mdogo wangu, wewe uliyefundishwa kukagua miguu kila usiku, ungelala nyumbani?

Haya ya harufu na mume

Nimeona ulivyoandika kwa aibu, basi tuyaseme wazi. Bakteria wa kwenye mifuko ya fizi hutoa gesi zenye salfa, na ndizo zinazonuka. Pipi za minti na dawa za kusukutua hufunika kwa muda tu. Harufu hiyo haina maana kwamba wewe ni mchafu. Ina maana kuna ugonjwa unaotibika. Mwambie mumeo wewe mwenyewe kabla hajalazimika kukwambia: "Baba fulani, fizi zangu zinaumwa kwa ajili ya sukari, natafuta nafasi ya kwenda kwa daktari wa meno, utanisindikiza?" Mficha uchi hazai. Ukishalisema, jambo linakuwa lenu wawili badala ya kuwa uso unaogeuzwa pembeni. Na yeye akaguliwe pia, maana fizi zake hazijakaguliwa vilevile.

Ila kuna harufu moja si ya kungojea miadi. Mwenye kisukari akianza kunuka mdomo kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na hapo hapo anatapika, tumbo linauma, anahema haraka au amelegea, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hapo sukari imefika pabaya na fizi hazihusiki.

Ukifika kwa daktari wa meno

Wengi wetu tunaijua huduma moja tu ya meno: kung'oa. Kwa hiyo ukifika dirishani, useme waziwazi, "Nina kisukari, fizi zinatoa damu, nataka kukaguliwa fizi na kusafishwa meno." Nenda na daftari lako la kliniki na orodha ya dawa zote, pamoja na za mitishamba kama unatumia. Chagua asubuhi. Kunywa chai kama kawaida na umeze dawa zako kama kawaida, isipokuwa umeelekezwa vingine. Watu huenda na njaa kwa sababu wanadhani watachomwa sindano, matokeo yake sukari inashuka wakiwa kwenye kiti. Beba na glukosi au juisi ndogo kwenye mkoba.

Daktari atachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akipitishe taratibu kati ya jino na ufizi, jino moja baada ya jingine. Kwenye ufizi mzima kijiti huzama milimita 1 hadi 3. Kuanzia 4 na kuendelea, hapo pana mfuko. Huenda akataka picha ya eksirei aone mfupa umebaki kiasi gani. Kisha atabandua ugaga juu na chini ya ufizi kwa mashine na vifaa vya mkono, na pale penye mifuko mirefu atakupiga ganzi kwanza. Inaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Baada ya wiki kadhaa atakuita apime tena mifuko ile ile aone kama imepungua. Usiukose mwito huo. Wengi huona damu imekata wakapotea, na ugonjwa ukarudi kimyakimya. Mwenye kisukari mara nyingi hupangiwa kurudi kila miezi mitatu au sita kwa uangalizi.

Kuna maneno mtaani kwamba "kusafisha meno kunalegeza meno". Yana asili yake, na ni vizuri kuyajua kabla hujaogopa. Ugaga mwingi unaweza kuwa umejaa katikati ya meno na kuyashikanisha. Ukitolewa, na uvimbe wa fizi ukanywea, unaona mianya ambayo hukuiona, meno yanaonekana marefu, na maji ya baridi yanasisimua kwa wiki chache. Mfupa ulikuwa umeshaondoka siku nyingi; kilichofanyika ni kufunua pazia. Meno yaliyolegea kidogo mengi hukaza uvimbe ukiisha. Lako la mbele daktari ataliangalia na kukwambia kama linaokoleka.

Kabla ya siku hiyo, na baada yake

Anza leo usiku. Tafuta mswaki wa nyuzi laini. Huo mgumu unaousifia kwamba "unakwangua" ndio unaokuchubua. Weka dawa ya meno yenye floraidi. Shika mswaki ukilalia upande, nyuzi zielekee pale ufizi unapokutana na jino, nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi, kisha utikise kidogo kidogo, meno mawili mawili, bila kukandamiza. Usisahau upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, maskani ya ugaga. Dakika mbili nzima, asubuhi na usiku, na wa usiku uwe wa mwisho kabisa, baada yake hakuna chai wala tende. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki ifanye kazi. Mara moja kwa siku pitisha uzi wa meno au brashi ndogo za katikati ya meno. Mswaki ubadilishwe kila miezi mitatu, au mapema nyuzi zikitawanyika.

Damu itatoka siku za mwanzo, usitishike. Kwa fizi ambazo ugonjwa haujazama, hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki mbili haijapungua, kuna ugaga chini ambao mswaki hauufikii.

Mswaki wa mti unaruhusiwa. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1987 pale unapopatikana na watu wameuzoea, na sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Tafuna ncha mpaka ilainike iwe nyuzi, pitisha taratibu, kata ncha iliyochakaa utafute mpya. Lakini bado pitisha na dawa yenye floraidi angalau usiku.

Chumvi? Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue kisha uteme, itakutuliza uvimbe. Kusugua chumvi kavu, mkaa, majivu au magadi ni kujichubua na kulikwangua jino. Na hakuna maji ya chumvi wala karafuu vinavyobandua ugaga.

Duka la dawa nalo tulizungumze. Mtu anaomba flajili na amoksilini, anameza siku tano, uvimbe unanywea, anashukuru. Mwezi unaofuata umerudi, kwa sababu ugaga haukumezwa na kidonge. Antibiotiki zina mahali pake, na anayepajua ni daktari aliyekuchungulia mdomoni. Hatari zaidi ni diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kama karanga. Mwenye presha zinampandishia, mwenye figo dhaifu zinamuumiza, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda zinaweza kumtoa damu tumboni. Ukiwa na maradhi ya kudumu, uliza kwanza.

Sigara, ugoro na kuberi nimeziacha mwisho kwa makusudi. Sigara hubana mishipa ya damu ya ufizi, ndiyo maana mvutaji fizi zake zinaweza zisitoe damu kabisa huku mfupa unaliwa, naye anajiona mzima kuliko wewe. Tumbaku ya kuweka chini ya mdomo huchoma ufizi pale pale inapokaa, ukasogea na kuacha mzizi wazi, na inaweza kuleta saratani ya kinywa.

Sasa barua nyingine, kwa ufupi

"Dada, mimi sina sukari, nina presha. Fizi zangu zimekua, zinapanda juu ya meno. Haziumi."

Angalia jina la dawa yako. Amlodipini na nifedipini zinaweza kukuza fizi kwa baadhi ya watu. Fenitoini, dawa ya kifafa, hufanya hivyo kwa karibu nusu ya wanaoitumia, na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo nayo imo. Usiache dawa hata siku moja. Presha iliyoachwa huleta kiharusi, na kifafa kilichoachwa huangusha mtu kwenye jiko la moto. Mweleze daktari wa presha, pengine atakubadilishia kundi la dawa. Na usafishwe meno, kwa sababu fizi za namna hii hukua zaidi pale penye ukoga mwingi. Halafu, mtu yeyote ambaye fizi zimevimba ghafla, zinatoa damu zenyewe, ana homa, kapauka na ana michubuko mwilini asiyojua imetoka wapi, asingojee miadi ya meno. Apimwe damu haraka, kwani saratani ya damu inaweza kuanza kujionyesha hivyo.

"Nimebadilishiwa vali ya moyo, natumia warfarin. Jino linauma, fundi wa mtaani anang'oa bei rahisi. Niache warfarin siku tatu niende?"

Hapana, kaka yangu, na hapana tena. Damu ikiganda kwenye vali hiyo haitakusubiri umalize kusukutua. Jino la mtu anayetumia warfarin hung'olewa hospitali. Wanapima kwanza kipimo chako cha kuganda kwa damu, kile wanachokiita INR, na kikiwa mahali pake wanang'oa bila kukuachisha dawa, wanakubana na kukushona palepale. Pili, wewe mwenye vali ya bandia ni miongoni mwa wanaopewa antibiotiki muda mfupi kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa fizi, kwa sababu bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kukaa kwenye vali na kuiharibu. Waliowahi kupata maambukizi hayo ya vali au utando wa ndani wa moyo nao wamo. Wenye moyo ulioathiriwa na homa ya baridi yabisi wamuulize daktari wao wa moyo. Warfarin haipatani na flajili pia, kwa hiyo usijinunulie. Na wanaosafishwa damu kwa mashine ya figo wapange jino kesho yake baada ya kusafishwa, dawa ya kuzuia kuganda iliyowekwa kwenye mashine ikiwa imeisha mwilini.

"Nipo kwenye dawa za kufubaza virusi miaka mingi na naendelea vizuri. Juzi fizi zimeanza kuuma sana, katikati ya meno pamekatika na pananuka."

Hiyo usiisubirishe hata wiki. Fizi zinazouma, zinazokatika ncha katikati ya meno na kutoa harufu kali zinaweza kuwa zinasema kinga imeshuka. Nenda kwa daktari wa meno na uwaambie CTC, kliniki yako ya virusi vya Ukimwi, siku hiyo hiyo, wakupime wingi wa virusi. Ukiona pia utando mweupe mdomoni, au doa la rangi ya bilinganya kwenye ufizi au kaakaa, waonyeshe.

"Mama yangu kapooza upande mmoja. Naogopa kumpiga mswaki asije akapaliwa."

Shikamoo yetu kwa mama. Usiache, dada, maana uchafu wa kinywani ukivutwa na pumzi huleta nimonia kwa wagonjwa kama yeye. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo. Tumia mswaki laini wa mtoto, dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, maji kidogo sana. Fungua shavu la upande uliopooza ukague, chakula hujificha humo bila yeye kusikia. Futa povu kwa kitambaa safi, usimlazimishe kusukutua. Kama ana meno ya bandia, yatolewe usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji safi.

Na ninyi mliosoma mkijiona hamumo

Kuna mtu anasoma hapa hana ugonjwa wowote anaoujua, ila majipu ya fizi yanamrudia, linapona hili linaota lile, na kiu ya maji haimwishi. Nenda ukapime sukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wanaoishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Baadhi yao wanajulishwa na fizi kabla ya kitu kingine chochote.

Mdogo wangu wa Tanga, kazi yako ni tatu. Usiku wa leo piga mswaki pande zote, na ule uliouogopa uwe wa kwanza. Wiki hii nenda hospitali yenye daktari wa meno, ukaulize na kitengo cha bima kama kadi yako inalipia kusafisha fizi. Na siku ya kliniki ijayo, kabla daktari hajaandika tarehe ya kurudi, mwambie: "Daktari, fizi zangu zinatoa damu, naomba iandikwe kwenye daftari." Ikishaandikwa, atakayekuhudumia mwezi ujao ataikuta. Kipimo chako cha miezi mitatu cha sasa kiweke, na kile cha baada ya kutibiwa fizi ukipata uniandikie, nitawasomea wenzako.

Ya mawifi na mahari, wiki ijayo, Mungu akipenda.